Hisani Nayo Ikaguliwe

Yamkini wewe usomaye maneno haya umepata kwenda siku moja, pamoja na wenzako wa chama cha shule, kuzuru nyumba ya kulelea watu wenye ulemavu. Mlichanga fedha, mkanunua unga, sukari, sabuni na mafuta ya kupikia, mkapanda basi la shule mkiimba. Mlipofika mlikuta ua umefagiwa na watoto wamevishwa nguo safi. Mliimbiwa, nanyi mkaimba. Mwenyekiti alisimama akatoa shukrani ndefu, picha zikapigwa, kila mmoja wenu akatia sahihi katika daftari la wageni, na chini ya neno "maoni" ukaandika: "Kazi njema. Mungu awabariki." Jioni mlirudi shuleni mioyo yenu ikiwa myeupe.

Sikulaumu kwa safari ile. Unga mliopeleka ulilika, na sabuni ilifulia nguo. Nataka tu kukuuliza uliona nini. Uliona ua, sebule, na watu walioandaliwa ili waonwe. Hukuona vitanda vya vyumba vya nyuma. Hukuona chakula cha usiku wa siku ambayo hapana mgeni. Hukumsikia yule asiyeweza kusema, kwa kuwa hapana aliyekupa muda wala njia ya kumsikia. Ukaweka sahihi yako chini ya jambo usilolijua. Na lililo baya zaidi, yawezekana daftari lile huonyeshwa wafadhili kuwa ushahidi kwamba nyumba ile i salama.

Dai langu ni fupi, nami sitalificha mpaka mwisho. Kila apokeaye kazi ya kumlisha, kumwogesha, kumvika, kumsafirisha au kumlaza mtu mwenye ulemavu, awe ni mtu mmoja, chama, kanisa, msikiti au kampuni, hana budi kukaguliwa. Akaguliwe na mtu asiyelipwa naye. Akaguliwe bila ya taarifa. Na wa kwanza kuulizwa awe yule anayehudumiwa. Ukaguzi usiofika kwake ni mchezo wa karatasi.

Tazama jinsi tulivyo waangalifu katika mambo mengine. Mizani ya mwuza nyama hupimwa na afisa wa vipimo ikatiwa alama. Mpishi wa mkahawa hutakiwa awe na cheti cha afya. Shule yako hukaguliwa. Na bado mnunuzi aliyepunjwa nyama ana miguu ya kwendea duka la pili na ulimi wa kutangazia wizi sokoni. Yule anayeinuliwa kitandani kwa mikono ya mwingine hana duka la pili. Akitukanwa na anayemwogesha, kesho ataogeshwa na mtu yule yule. Akinyimwa chakula, wa kwanza kusikia malalamiko yake ni yule aliyemnyima. Basi mahali ambapo mtu hawezi kuondoka ndipo ukaguzi unapopaswa kuwa mkali kuliko penginepo pote. Na ajabu ni kwamba ndipo watu wanapouonea haya.

Haya hiyo ina sababu yake, nayo husemwa wazi. Husemwa ya kwamba hisani haikaguliwi. Mama aliyewachukua watoto 20 waliotupwa na jamaa zao, akawapa paa na uji, atajaje mtu mwenye kalamu na fomu kumwuliza vijiko viko wapi? Je, huo si utovu wa shukrani? Neno hili lina nguvu katika nchi yetu, kwa sababu nyumba nyingi za namna hiyo zilianzishwa kwa imani na huruma, si kwa fedha za serikali. Nami nasema kwamba neno hili ndilo lililofanya mabaya mengi yakae gizani. Huruma ni nia, na nia ya mwanzilishi haimwogeshi mtu. Anayemwogesha ni mfanyakazi aliyeajiriwa mwezi uliopita, mwenye mshahara mdogo, aliyeachwa peke yake zamu ya usiku na watu 30. Mwanzilishi huyo mwema amelala nyumbani kwake. Tukimkagua hatumtuhumu moyo wake. Twataka kujua kinachotendeka amelala.

Sasa nisikilize, maana nitakupeleka Afrika Kusini, katika jimbo la Gauteng lenye mji wa Johannesburg. Huko kulikuwa na vituo vilivyoitwa Life Esidimeni, jina ambalo maana yake ni mahali penye heshima. Kwa miaka mingi serikali ya jimbo ilivilipa vituo hivyo viwatunze watu wenye maradhi ya akili na ulemavu wa akili ambao hawakuweza kujitunza. Mwezi wa Oktoba mwaka 2015 mkuu wa afya wa jimbo, Qedani Mahlangu, alitangaza kwamba mkataba ule utavunjwa. Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili. Ya kwanza, kupunguza gharama. Ya pili, kuwatoa watu hawa katika maisha ya kufungiwa na kuwarudisha katika jamii. Sababu hii ya pili ni njema, nami naiunga mkono popote inapotendwa kwa haki. Ila wema wa sababu ndio uliowafumba watu macho.

Watu zaidi ya 1,300 walihamishwa kwa haraka, wengi wao wakapelekwa katika nyumba za mashirika yasiyo ya serikali yaliyosema yako tayari kuwapokea. Life Esidimeni ililipwa randi 320 kwa kila mtu kwa siku; mashirika yale yaliahidiwa randi 112. Jamaa za wagonjwa walionya. Madaktari wa akili walionya. Vyama vya kutetea haki vilikwenda mpaka mahakamani. Hawakusikizwa. Baadhi ya wenye nyumba mpya walikuja na magari ya mizigo yasiyo na paa kuwachukua watu, wakawachagua kama wanunuzi wachaguavyo ng'ombe mnadani. Wengine walisafirishwa bila viti vyao vya magurudumu, wamefungwa kwa mashuka wasianguke. Faili za maradhi na dawa zao hazikufuatana nao sawasawa. Halafu wakaanza kufa: kwa njaa, kwa kiu, kwa baridi, kwa kukosa dawa. Kuna jamaa waliozunguka wiki nyingi wakitafuta mtu wao alikopelekwa, na walipompata walimpata katika chumba cha maiti.

Mwezi wa Septemba mwaka 2016 bunge la jimbo liliambiwa kwamba waliokufa ni 36. Mwezi wa Februari 2017 msimamizi wa malalamiko ya afya, Profesa Malegapuru Makgoba, alitoa taarifa yake: waliokufa walikuwa wamezidi 94. Mwezi wa Machi 2018 Naibu Jaji Mkuu mstaafu, Dikgang Moseneke, alipotoa hukumu ya usuluhishi, hesabu ilikuwa imefika 144, na wengine 1,418 walikuwa wameteswa wakabaki hai. Mwaka 2024 jaji wa uchunguzi wa vifo alitamka kwamba matendo ya wakuu wawili wa afya yalisababisha vifo vya watu 9 kati ya hao. Hesabu ilipanda kwa kadiri watu wa nje walivyozidi kuingia na kuhesabu wenyewe.

Nakuomba ukae kidogo na jambo moja katika taarifa ya Profesa Makgoba. Alikuta kwamba mashirika yote 27 yaliyopokea watu hao yalikuwa na leseni zisizo halali. Sikia vizuri: hakusema hayakuwa na leseni. Leseni zilikuwapo. Zilikuwa na maandishi, na sahihi. Mtu aliyefika mlangoni akauliza kama nyumba ile imeidhinishwa angeonyeshwa karatasi. Kilichokosekana ni macho yaliyotazama kabla ya mkono kutia sahihi: macho ya kuhesabu vitanda na mablanketi, kuuliza mpishi ni nani, dawa zitatunzwa wapi, na kama yuko hata mtu mmoja ajuaye kumlisha mgonjwa asiyeweza kumeza bila msaada.

Labda utasema, hayo ni ya nchi zetu maskini, ambako sheria ni changa. Kwa wenzetu waliotangulia mambo yamenyooka. La. Uingereza ina tume ya kukagua nyumba za matunzo, yenye wakaguzi wengi na alama nne za kugawa, tangu "bora kabisa" mpaka "haitoshi". Mwaka 2017 tume hiyo iliipa hospitali moja ya watu wenye ulemavu wa akili na otizimu, Whorlton Hall katika wilaya ya Durham, alama ya "nzuri". Mwezi wa Mei 2019 televisheni ya BBC ilionyesha picha zilizopigwa kwa siri na mwandishi wa kike aliyejifanya mfanyakazi humo kwa miezi 2. Watu walionekana wakidhihakiwa, wakitishwa na kuchokozwa makusudi mpaka wapandwe na hofu, kisha wakazuiwa kwa nguvu. Baadaye ikajulikana kwamba mkaguzi mmoja alikuwa ameandika taarifa ya mashaka juu ya nyumba hiyo mwaka 2015, na taarifa hiyo haikuchapishwa. Mwaka 2023 wafanyakazi wanne walitiwa hatiani mahakamani. Kwa nini alama ilikuwa "nzuri"? Kwa sababu palipokuwa na mkaguzi hapakuwa na matusi. Mjinga gani amtukanaye mgonjwa mbele ya mkaguzi?

Ndiyo maana nauchukia ukaguzi wa mafaili kama ninavyouchukia ukosefu wa ukaguzi. Mkaguzi wa mafaili huja siku iliyotajwa katika barua. Huketi ofisini, huletewa chai, na mezani huwekewa faili nene zenye vichwa vilivyochapwa: kanuni ya malalamiko, orodha ya waliofunzwa huduma ya kwanza, kitabu cha ajali, ratiba ya vyakula, kanuni ya kuzuia moto. Huweka alama ya tiki kwa kila kilichopo. Kanuni ya malalamiko ipo: tiki. Malalamiko yaliyopokelewa mwaka huu: hakuna, naye huona hiyo ni habari njema! Nyumba yenye watu 40 wanaolishwa, kuogeshwa na kulazwa kila siku, na mwaka mzima hapana hata mmoja aliyenung'unika? Hata katika bweni lako, ambamo nyote mna ndimi na miguu, haipiti wiki bila ya neno kuhusu maharagwe. Mkaguzi mwenye akili akiona daftari la malalamiko ni jeupe hana budi kuvua koti lake na kuanza kazi.

Liko na jambo la nani amlipaye mkaguzi. Australia ilitunga sheria mwaka 2013 kuanzisha bima ya taifa ya watu wenye ulemavu, na mwaka 2018 ikaanza tume maalumu ya ubora na usalama. Katika mambo mengi nchi ile yaweza kuwa mwalimu: viwango vimeandikwa, usajili hufanywa upya baada ya miaka michache, na kwa huduma zenye hatari kubwa mkaguzi hana budi kufika na kuongea na wanaohudumiwa. Lakini mkaguzi mwenyewe hutoka katika kampuni binafsi iliyoidhinishwa, na mtoa huduma ndiye huichagua na kuilipa. Waswahili tuna msemo wa kesi ya nyani kupelekewa ngedere. Sisemi kwamba wakaguzi wale hawana uaminifu. Nasema kwamba mtu asijaribiwe kwa mkate wake. Tena watoa huduma wengi mno waliruhusiwa kufanya kazi bila kusajiliwa kabisa, na kwa hiyo bila kukaguliwa.

Hata kusajiliwa hakukutosha. Mwezi wa Aprili 2020, katika mji wa Adelaide, mwanamke mmoja mwenye ulemavu wa ubongo na viungo alikufa kwa vidonda na sumu ya damu baada ya kuachwa katika kiti kimoja, mchana na usiku, kwa muda mrefu. Alikuwa akiishi nyumbani kwake mwenyewe. Kampuni iliyolipwa imhudumie ilikuwa imesajiliwa, na mtu mmoja tu ndiye alikuwa akiingia na kutoka. Mtu huyo alifungwa baadaye kwa kosa la kuua bila kukusudia. Fikiri: hapakuhitajika utaalamu wowote kuliona jambo lile. Palihitajika mtu wa pili afungue mlango.

Wako wanaonipinga kwa hoja nzito kuliko ile ya hisani, nami sina budi kuwatendea haki. Wasema hivi: kila kashfa ikitokea, serikali huongeza fomu. Nyumba kubwa yenye fedha huajiri karani wa kujaza fomu. Nyumba ndogo, yenye mama mmoja na watoto 12 anaowajua kwa majina na kwa vilio vyao, hushindwa, hufungwa, na watoto hupelekwa katika nyumba kubwa yenye karani. Hoja hii ni kweli tupu. Saa ambayo mlezi anaandika kwamba amemgeuza mgonjwa kitandani ni saa ambayo hamgeuzi mgonjwa mwingine. Walakini hoja hii haipingi ukaguzi, inapinga karatasi. Nipe ukaguzi wenye fomu ya ukurasa mmoja na safari nne za ghafula kwa mwaka, nami nitakuachia kanuni zako zote zilizopigwa chapa.

Mkaguzi nimtakaye hufika saa moja za usiku, wakati wa chakula. Haulizi ofisi iko wapi. Anauliza jiko liko wapi. Anafunua sufuria. Anahesabu sahani, kisha anahesabu watu. Anapima uzito wa wanaokaa humo na kuulinganisha na wa safari iliyopita, maana uzito haujui kusema uongo. Anatazama mgongo na visigino vya wale wasioweza kujigeuza, kwa idhini yao na kwa staha. Anauliza kama mlango wa bafu una komeo, na kama komeo liko ndani au nje. Anauliza nani hutia mkononi fedha za Inua Jamii, zile shilingi 2,000 za kila mwezi, na kama mwenyewe amepata kuziona. Anakaa mkekani na kiziwi akiwa na mkalimani wa lugha ya ishara, naye meneja yuko nje. Kwa asiyesema kabisa, anakaa kimya na kutazama: je, mlezi anapomkaribia, uso wake hufunguka au mwili hujikunja?

Na mkaguzi huyo, kwa maoni yangu, mara nyingi awe ni mtu mwenye ulemavu mwenyewe. Aisifuye mvua imemnyea. Aliyepata kubebwa na mikono ya watu ajua tofauti ya kubebwa na kusombwa, na tofauti hiyo haimo katika faili lolote. Waingereza, ambao nimewasema vibaya hapo juu, wamefanya vizuri katika hili: tume yao huwachukua katika safari za ukaguzi watu waliopata kutumia huduma hizo wenyewe. Kosa lao si kuwachukua. Ni kutowapa neno la mwisho.

Usidhani kwamba nakuotesha ndoto. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, na Kenya ikauridhia mwaka 2008. Kifungu chake cha 16 chataka vituo na mipango yote ya kuwahudumia watu wenye ulemavu isimamiwe kwa kweli na mamlaka iliyo huru, ili kuzuia ukatili na unyonyaji. Kifungu cha 33 chataka watu wenye ulemavu na vyama vyao washiriki kikamilifu katika usimamizi huo. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 54, humpa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na hata kuitwa kwa jina lisilomdhalilisha. Nawe wajua majina tuliyowaita watu hawa katika vitabu vya zamani, nami siyarudii. Tuna Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu lililoanzishwa na sheria ya mwaka 2003, na mwaka 2025 tumetungiwa sheria mpya. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliwataja Wakenya wapatao 900,000 wenye ulemavu. Wengi wao wamo majumbani mwa jamaa zao, wala si vituoni. Lakini yule mmoja aliyemo kituoni, nyuma ya lango, ndiye sheria hizi ziliandikwa kwa ajili yake, naye hawezi kutoka kuzisoma.

Kwa hiyo narudi kwako na basi la shule. Muhula ujao mtakwenda tena, na mwende. Lakini kabla ya kuandika "Kazi njema" katika daftari, mwombe mkuu wa nyumba, kwa adabu impasayo mtu mzima, akuonyeshe taarifa ya ukaguzi wa mwisho: ulifanywa lini, na nani, na waliulizwa watu gani. Akikuonyesha, isome. Imebandikwa ukutani mahali ambapo wanaokaa humo waweza kuisoma au kusomewa? Na kama utaambiwa kwamba taarifa imo kabatini, na ufunguo wa kabati anao mwenyekiti, na mwenyekiti yuko safarini, basi acha mstari wa maoni mtupu. Keti karibu na yule kijana wa kiti cha magurudumu aliyewekwa mbele ili aimbe, umwulize jina lake, umpe la kwako, kisha umwulize jana usiku walikula nini.